Mashati ya Chumba 814

Huku chini hakuna dirisha.
Bahari naijua kwa mgongo:
ikipanda, pasi huteleza kushoto,
ikishuka, mvuke hunirudia usoni.
Juu yangu sitaha kumi na mbili,
mabwawa mawili, piano, barafu iliyochongwa mfano wa bata-maji,
na watu elfu na mia tano ambao sijapata kuwaona
ila nawajua kwa jasho lao.

Bandari nazijua kwa madoa.
Kochi hunishukia ikiwa manjano,
mchuzi wa samaki kwenye kitani nyeupe.
Galle ni chai, na damu kidogo ya magoti
ya walioteleza juu ya ukuta wa ngome.
Biju wa Alappuzha, anayelisha mashine,
hunusa taulo na kusema, "Leo tumefunga gati kwetu,"
kisha hunyamaza mpaka zamu iishe.

Mimi ni Kayetano, wa Velim, Goa.
Babu alipika melini, baba akapika melini,
mimi nikaogopa moto wa jikoni, nikakimbilia huu.
Tulipopita Mormugao saa kumi usiku
injini zilipunguza pumzi. Niliweka kiganja ukutani:
bati, ng'ambo ya bati maji, ng'ambo ya maji mama
na kuku wake na simu asiyojua kuipokea.
Kisha kengele. Vitambaa vya meza, mia nne.

Tangu Mumbai, mfuko wa 814 ulileta
mashati saba ya mwanamume.
Safi. Sisemi yamefuliwa vizuri, nasema safi:
kola bila mstari, kwapa bila kivuli.
Nikayapiga pasi, yakapanda.
Kesho yake yakashuka na mikunjo yangu ileile.
Rafiqul, msimamizi, akacheka:
"Tajiri huyo. Hela zinamwasha."
Nilivuta pumzi ndani ya kola moja.
Hakuna mtu. Harufu ya sanduku,
na mbali sana, tumbaku ya kiko.

Baada ya Kochi yakashuka sita.
Nilihesabu mara mbili, nikapekua ngoma za mashine,
maana shati likipotea hukatwa mshahara wangu.
Hakuna aliyelalamika.
Baada ya Galle, matano.
Trincomalee yalikwenda mawili kwa mpigo,
na siku hiyo bahari ilikuwa chafu.

Nikamwuliza Dilrukshi, anayetandika sitaha ya nane.
"Ni bibi, peke yake," alisema.
"Hula kwenye meza ya viti viwili.
Usiku hutoka roshani na shati begani,
hurudi bila shati."
Rafiqul aliyasikia. Akainuka, akazima redio.

Shati liendalo majini halina haja ya pasi.
Niliyanyoosha kama ya bwana harusi.

Lilipobaki moja, la buluu, mikono mirefu,
kifungo cha tatu kutoka juu hakikuwepo,
na uzi ulikuwa umekatwa kwa mkasi, si kwa kuvutwa.
Labda alikibakiza. Sikuuliza.
Nilichomoa kile cha akiba ndani ya sare yangu,
nikakishona, uzi mara mbili,
ingawa hakikufanana.

Miaka tisa nimetia nanga bandari thelathini na nne
na nimekanyaga tatu.
Lakini kifungo changu kipo mahali fulani
chini ya Ghuba ya Bengali, kimekaza.

Kabla ya Visakhapatnam mfuko wa 814 ulishuka mwepesi:
taulo, soksi, gauni la kijani,
na juu ya kifua cha gauni doa la mchuzi,
kubwa, limechirizika hadi kiunoni,
doa la mtu aliyekula kwa mkono
na kucheka kabla ya kumeza.
Biju alinyoosha mkono alichukue.
Nikamwambia, ngoja kidogo.