Kopo Moja la Vinkubala

Mvua ya tatu imepiga mabati ya Katuba,
na Mama Chansa karudi toka porini, njia ya Kasenga,
ndoo kichwani, vinkubala hai juu ya majani ya mutondo.
"Kopo moja," namwambia, "na kidole chako kikae nje ya kopo."
Anacheka. Ananiongeza vitatu.

Vikamue tumbo taratibu, majani yote yatoke.
Osha maji matatu.
Chemsha na chumvi mpaka maji yenyewe yachoke;
mafuta ni baadaye, ukiharakisha utatafuna mpira.
Kisha kitunguu, nyanya iliyolegea,
karanga za kutwanga, kiganja kimoja,
changu, si cha baba yenu.

Lukonde, miaka minane, kakishika kimoja mkiani:
"Mama, miguu kumi na sita!
Mimi nitakula bukari na chumvi."

Sawa. Sikumbembeleza mtu.
Bukari ikatua, mvuke ukamfuata puani,
dada yake akatafuna, kwaru, kwaru,
kama anayekanyaga changarawe.

Mkono mdogo ukapotea chini ya kifuniko.
Ukarudi.
Ukapotea tena.

Sasa kidole chake kinatembea juu ya sahani ya dada:
"Wewe tisa, mimi saba.
Kalenga, nakudai
miguu thelathini na miwili."