Kumi na Mmoja

Wiki tatu nimepanda na kushuka Cirhundu,
daftari kwapani, kalamu mbili, moja ya akiba,
matope ya upande wa Walungu yakinivua viatu kila mteremko.
Karani wa lokalite hana pikipiki.
Ana miguu na muhuri.

Karatasi ina safu nne:
wanaume, wanawake, wavulana, wasichana.
Haina safu ya aliyekwenda Kamituga kuchimba dhahabu,
mwaka wa nne huu, na sahani yake bado inaoshwa.
"Mwandike," akasema mkewe, Nankafu. "Yupo."
"Yupo wapi?"
"Kwenye deni la duka. Deni halimdai asiyekuwepo."
Nikamwandika.

Kwa Ntakwinja nilikuta mlango umefungwa kwa ndani,
moshi ukipenya kwenye majani ya paa.
Nikabisha. Sauti ikajibu: "Hatupo!"
Nikauliza: "Hampo wangapi?"
Kimya.
Kisha mtoto, kwa sauti ya hesabu za darasa la pili:
"Saba!"
Nikaandika saba. Siwalaumu.
Babu yao alihesabiwa jioni, alfajiri akachukuliwa kuchimba barabara.
Katika nyumba ile namba ni kamba.

Kwa Mugisho, mke alikuwa na uchungu.
Nilisubiri kizingitini, mvua ikinipiga mgongo,
maana sikujua nifunge ukurasa kwa watano au sita.
Saa tisa za usiku kilio kikanijibu.
Sita. Msichana.
Kalamu iligoma kwa baridi, nikaipasha kwa pumzi.

Jumla: mia sita na kumi na mmoja.
Nilijumlisha mara tatu, na mara ya nne kwa punje za maharage,
kwa kuwa wino hudanganya
na maharage hayana faida ya kudanganya.

Ijumaa nikashuka Bukavu juu ya magunia ya mihogo.
Ziwa lilikuwa pale pale, hakuna anayelidai jumla.
Ibanda, ghorofa ya pili, chini ya feni isiyozunguka,
mkuu wa kitengo alisoma, akajikuna shingo kwa kifuniko cha kalamu.
"Karani, andika mia sita.
Huko juu hawapendi mikia."

Mikia.

Nikaishika ile kalamu ya akiba.
Mkia ni nani? Nyumba nzima ya Ntakwinja,
ambao wenyewe wameshasema hawapo?
Basi wanabaki wanne. Mume wa Nankafu: watatu.
Mapacha wa Cibalonza, wanaolala kwa zamu katika blanketi moja?
Na mmoja.
Binti wa Mugisho, hajapata hata jina,
hajaishi siku za kutosha kumchosha mtu.
Au mimi. Nilijiandika pia, mstari wa mwisho,
kwa mwandiko mbaya.

Nilifuta.
Sitajipamba hapa: nilifuta.
Nina watoto, na mshahara wangu una miezi mitano njiani.
Muhuri ukagonga, pa!
Vyandarua vya mia sita. Chanjo za mia sita.
Mkuu akanipongeza kwa usafi wa karatasi.

Kesho yake, kwenye njia panda ya Cirhundu,
M'Rhuhuna alikuwa ananingoja,
kikapu cha kuni mgongoni, kamba ikimkata paji la uso.
Hajawahi kufika Bukavu maisha yake yote;
huuona tu mwanga wake ukipaka tumbo la mawingu.
"Ulinipeleka?"
"Nilikupeleka, mama."
"Nikafika?"
"Ulifika."
Akatua kikapu. Akajifuta jasho kwa ncha ya kitenge.
"Waliniketisha wapi?"