Mambo Nane

Tulilisimamisha penye nyasi fupi, hatua arobaini kutoka majini.
Zaitun alishika nguzo, Marajan alishika simu
akitafuta mtandao kwa ajili ya ofisi yake ya Kampala.
Mimi nilishika mambo.
Mambo za hema, si mambo ya dunia:
vyuma vinane ndani ya soksi ya baba,
soksi ya jeshi, kisigino kimetoboka.

Turubai lilinuka mafuta ya taa na panya wa stoo ya Bombo.
Juu ya mlango palikuwa na mshono, uzi mweusi,
urefu wa kiganja.
Marajan akasema waya. Zaitun akasema risasi.
Baba alipokuwa hai tulimuuliza mara moja tu,
naye akaongeza sukari kwenye chai iliyokwisha kuwa tamu.

Majirani zetu, vijana wa Mbarara,
walikuwa na hema la rangi ya chungwa
lililofunguka lenyewe kama mwavuli.
Walitucheka kidogo, kwa adabu,
wakatuazima nyundo.

Jioni ngiri alipiga magoti mbele ya jiko letu
kama anayeomba radhi,
akala chapati nne,
akaondoka mkia juu, radhi hakuomba.

Kisha usiku.
Kiboko tulichokijua utotoni kilining'inia nyuma ya mlango
na kilikuwa na sauti moja.
Huyu wa Ziwa Mburo alisikika kama mtu
anayechana shuka polepole chumba cha pili:
nyasi, kisha nyasi, kisha pumzi
iliyotikisa kamba ya upande wa Zaitun.
Hakuna aliyesema neno.
Mimi, mtu wa miaka hamsini na miwili,
nilitafuta kidole cha dada yangu gizani.
Nikawaza: hivi ndivyo alivyolala,
miaka na miaka, kitambaa ndio ukuta,
na kilichokuwa nje hakikutafuta nyasi.

Asubuhi askari wa hifadhi, Natukunda, alitupanga mstari mmoja.
"Kaeni nyuma ya bunduki.
Mkiona nyati, msikimbie mpaka niwaambie."
Kiswahili chake cha kambi ya mafunzo, kikavu, amri tupu,
kilitunyoosha migongo sote watatu kwa mpigo.
Hatukuwa tumeamrishwa kwa lugha hiyo
tangu mazishi.

Tulipanda. Migunga ilidai kodi, uzi mmoja kila shati.
Marajan alihema kama lori la miwa.
Punda milia walitutazama,
wakaamua hatustahili hata kukimbiwa.
Kule juu maziwa yakajitokeza, moja, na jingine,
na jingine lililojificha nyuma ya mafunjo,
na Natukunda akamenya ndizi, akauliza
ni nani aliyetufundisha kutembea kimya hivyo.

Zaitun alitazama maji.
"Kuna mtu," akasema.

Kung'oa hema ni kazi ya dakika kumi.
Mambo saba zilitoka na udongo wake. Ya nane ilikataa.
Marajan alivuta, vijana wa Mbarara wakavuta,
nyundo ikagonga kushoto, ikagonga kulia,
mpaka Zaitun akasogeza udongo kwa ncha ya kiatu
akaifunika.
"Iacheni," akasema. "Gari linangoja."

Nyumbani nilizihesabu tena. Saba.
Nikazifuta, nikaifua soksi, nikaianika.
Kisigino sijakishona.