Kuhesabu Mpaka Chini

Kichwa cha risasi, gramu nne, si zaidi.
Nyuma yake mkia wa mpira
wenye rangi ya mafuta ya injini yaliyochakaa,
maana maji ya Oktoba, anasema,
hayapendi mapambo.

Mjomba Minsagit husema kwa mikono.
Masikio aliyaacha kiwanda cha malori,
kwenye mashine za kukandamiza bati,
miaka thelathini na mmoja,
na sauti yake, asiyoisikia tena,
akaona haya kuitumia.

Rusha. Achia uzi. Hesabu.
Moja, mbili, tatu, nne, tano,
uzi ukalegea: ndiyo chini.
Zungusha mara mbili, acha ianguke, hesabu tena.
Hiyo ndiyo kazi yote.
Mtoto angeiweza,
na angeichoka kabla ya samaki wa kwanza.

Mimi nasikia upepo,
nasikia injini ya mtu upande wa ng'ambo
na meno yangu mwenyewe.
Yeye anasikia chini.
Kidole cha shahada juu ya uzi wa kusuka,
mwembamba kuliko unywele wa mkewe Gulsira,
ambaye anaijua bei yake
na hajasamehe.
Kidole kikikunjwa: tope.
Ngumi ikisugua kiganja: maganda ya kome.
Kiganja juu ya kiganja: tofali.

Tofali ni Iske Kaen,
kijiji cha bibi yake,
kilichohamishwa mwaka ule mto Kama ulipofungwa kwa zege.
Watu walibeba milango, walibeba madirisha,
walibeba wafu wale waliowaweza.
Barabara haikubebeka.
Iko chini yetu sasa, hesabu tano;
kando yake, mtaroni, hesabu nane.
Na sangara, hawa wetu wa kiganja kimoja,
wenye mistari, mapezi yamechovywa wino mwekundu,
wamejipanga ukingoni mwa barabara
kama wanaongoja basi.

Tuk.

Si mvuto. Ni mtu anayegonga mlango kwa ukucha,
anayejua umelala.
Ncha ya ufito ikainama, ikakumbuka, ikainama tena,
na samaki akaja juu kwa hasira,
miiba ya mgongo wima,
akatapika ndani ya mashua kamba mdogo
ambaye bado alikuwa anapunga gando.
Mjomba akacheka:
ile sauti ya bawaba kavu
ambayo ni sangara tu humtoa.

Saa nne akanipa ufito wake.
Hajawahi.
Nikarusha pale alipoelekeza kwa kidevu,
nikahesabu tano, nikazungusha mara mbili,
na kitu kikanijibu,
kipana, kigumu, kimeinuka kidogo juu ya vingine.
Nikaweka kiganja juu ya kiganja.
Akatikisa kichwa, akasugua ngumi: kome.
Nikarudia: tofali.
Akaushika uzi yeye. Akafumba macho.
Upepo ukatusukuma, na hakusema kitu,
mashua ikiviringika taratibu juu ya viraka vyake vitatu,
kisha akasimamisha viganja viwili pamoja
akavifungua, polepole, kuelekea kwake.

Ishara hiyo hakunifundisha.
Huenda ni mlango.
Huenda alitaka tu nifungue chupa ya chai,
kwa kuwa mikono yake, ikiwa na baridi,
huchanganya maneno.
Nikammiminia chai. Akainywa yote.

Tukarudi na saba, wengine tuliwaachia.
Gulsira haparuzi magamba ya sangara;
huvua ngozi nzima, mara moja,
kama soksi ya mtoto aliyelala,
huku akiuliza uzi tumekata mita ngapi.
Tatu, nikasema.
Kumi na mbili, mikono ya mjomba ikasema,
maana hajui kudanganya mezani.

Usiku kidole changu kiko juu ya blanketi.
Moja, mbili, tatu, nne, tano.
Sita.
Saba.
Nimepita barabara,
na uzi bado haujalegea.