Daraja la Pili

Mchana laptopu haina kasoro.
Mchana, mlango wazi, vumbi la Newala likiingia na haki zake zote,
kioo kinang'aa kama sahani ya harusi
na mdogo wangu Swaumu anasema, dada, hii umepata.

Usiku ndipo inaposema.
Umeme ukikatika (na huku juu ukikatika hauagi)
nafungua picha nyeusi tupu, nyeusi ti,
na pale chini, kona ya kushoto,
mwanga unavuja.
Si mwingi. Kama mtu kaacha mlango wa jikoni
wazi kidole kimoja, na moto haujalala.
Juu kulia pia, kidoa cha rangi ya uji wa mtama.

Nimeizima, nimeiwasha.
Nimeubinya ukingo kwa kidole gumba, taratibu;
doa likakimbia, nikashangilia,
nikaachia, likarudi kukaa mahali pake
kama mgeni aliyetoka tu kunawa mikono.

Milioni moja, laki mbili na arobaini.
Ndiyo malipo yote ya mnada wa pili,
mikorosho arobaini na mitatu ya marehemu baba
niliyoipulizia salfa mwenyewe, macho yakiwasha wiki nzima.

Risiti ya Mfaume Nandonde, Mtwara mjini, ina muhuri:
MALI IKISHAUZWA HAIREJESHWI.
Chini yake, kwa mkono wake, maana nilisimama sikuondoka:
siku saba, ikiwa na boksi lake.
Leo ya sita.

Nikampigia.
"Dada, unaliona gizani tu?"
Gizani tu.
"Basi si uwashe taa."
Akacheka. Nami nikacheka, nikajichukia kidogo.

Swaumu ana hesabu yake: nauli ya kwenda, nauli ya kurudi,
siku ya kazi imekufa, na hiyo nyingine utakayopewa
nani kakwambia haivuji zaidi?
Zote zinavuja, kasema fundi simu wa pale stendi,
ila nyingine zinavuja kwa adabu.

Ningeyakubali yote haya
kama kazi yangu ingekuwa nyingine.
Lakini mimi ndiye mwenye kisu ghalani.
Mimi ndiye ninayechota korosho guniani, nazipasua,
natazama tumbo la kila moja.
Mwezi wa kumi na moja alikuja Somoe Mpalila,
gunia nyuma ya baiskeli. Kazianika siku tatu,
kazigeuza kama mtoto mwenye homa.
Kwa nje, safi.
Nikapasua. Ndani, madoa.
Madogo. Rangi ya chai.
"Zikikaangwa hayaonekani," alisema, wala haikuwa kuomba.
Nikaandika: daraja la pili.
Akaitazama kalamu, hakunitazama mimi.

Sasa kalamu ile ile iko mezani,
na doa liko kona ya kushoto.
Nikinyamaza, basi nilimpunja.
Nikiirudisha...
lakini Somoe hakurudi na gunia lake nyumbani.
Aliuza. Kwa bei ya doa.

Nimeshusha boksi kutoka juu ya kabati.
Zile sponji nyeupe hazitaki kuingia kama zilivyotoka,
zinalia zikisuguana, Swaumu anageuka kitandani.
Nimelipandisha tena.

Saa tano usiku, kwa mwanga huo huo unaovuja,
nikamwandikia Nandonde:
Sirudishi. Ila uliyoniuzia ni daraja la pili,
na daraja la pili lina bei yake.
Tofauti naidai.

Tiki mbili. Zikawa buluu.
Anaandika.
Kaacha.
Anaandika.