Mahali pa Ng'ombe

Murhula amenipigia usiku, umeme umekatika,
simu yangu imebaki na kijiti kimoja.
Yaya, anasema, nimehamia kijiji kinaitwa Vachelonne.
Nyumba arobaini, kanisa, duka la mkate
linalofunguliwa Jumanne na Ijumaa,
na basi moja; dereva wake ananijua kwa koti.

Nikamwuliza: Maana yake nini?
Kwetu jina halipokelewi mikono mitupu.

Karani wa meya amemwambia ni ng'ombe:
hapo zamani, kabla ya barabara,
wachungaji waliwashusha wakawanywesha.
Padri, ambaye hufika mara moja kwa mwezi, anakataa.
Ni Kilatini, anasema. Maana yake patupu.
Tauni ilipita, ikafagia, ikaenda zake.

Lakini bibi Odile, miaka tisini na minne,
ambaye Murhula humwogesha kila asubuhi,
mgongo kwanza, kisha miguu,
kwa maji vuguvugu, akiyazidisha moto anatukanwa,
bibi Odile alicheka hadi meno yakahama.
Uongo mtupu! Palikuwa na mwanamke, Vachelonne,
aliuza divai njia panda.
Watu waliambizana: tukutane kwa Vachelonne.
Basi. Mengine ni ya wenye kalamu.

Nami nikacheka, peke yangu gizani,
maana baba alitusimulia yetu:
Bukavu ni bu-nkafu, mahali pa ng'ombe.
Mzungu alinyosha kidole kuelekea kilimani,
akauliza kwa lugha yake, hii nini?
Mchungaji akadhani anaulizwa mifugo,
akajibu kwa adabu.
Mzungu akaandika.
Kila baba aliposimulia, ng'ombe waliongezeka;
mwaka aliofariki walikuwa wameshafika mia mbili.
Halafu wakapafuta, wakabandika jina la bwana wao,
refu, likamkwama nyanya kooni kama mwiba wa samaki
mpaka siku alipolitema.
Ng'ombe? Wa mwisho niliyemwona
alikuwa kwenye ndoana pale Nyamugo, hana kichwa,
mwenye bucha anampungia inzi kwa gazeti.

Murhula alinyamaza. Nikasikia upepo wa huko.
Bibi Odile amezikwa Jumatatu, akasema.
Kuna kijito nyuma ya kanisa, Yaya,
hakimo kwenye ramani yoyote.
Alinitajia jina lake akanirudisha nilitaje tena,
mara tatu, kama mtoto wa katekisimu.
Nimeuliza kwa karani, nimeuliza dukani.
Hakuna anayelijua.
Ni mimi tu, mtoto wa Kadutu.
Sasa nimwachie nani?

Simu ikazimika kabla sijapata jibu.
Sikuwa nalo.

Asubuhi niliteremka na makala yangu kama kawaida.
Njia ni tope; mvua ya Aprili ilibeba nusu ya mteremko,
choo cha mama Cibalonza, migomba,
na ule ubao wa mtaa, ambao hakuna aliyeurudisha.
Tangu hapo tumekaa bila jina.
Mwaka wa nane huu nakaa kwenye kona ile ile,
napima makala kwa kopo la maziwa,
nanuna, nakopesha, napiga kelele.
Wenye pikipiki walianza kwa utani:
Nikushushe kwa Nsimire? Nishushe kwa Nsimire.
Nikadhani wananiita.

Leo mtoto mmoja, simjui, sare ya buluu,
kiatu kimoja mkononi,
alimwambia mama yake: Tumefika, hapa ni kwa Nsimire.
Hakunitazama.
Alitazama kona, jiwe, tope.

Nikakaza kitenge, nikafuta masizi usoni
kama mtu anayesubiri kupigwa picha,
nikajiuliza miaka mia kutoka leo
watasema nilikuwa nauza nini.