Swali la Nne

Nilipanda kwa ngazi, ghorofa nne,
ili nikihema nisingizie ngazi.

Wako watatu: Bi Lamara wa ajira,
mhandisi mwenye kikohozi,
na kijana wa kuandika, asiyeinua uso.
Dirishani, Tbilisi ya Machi,
theluji inageuka tope kabla haijagusa paa.

Swali la kwanza, umri wa nyaya. Nalijua.
La pili, breki. Nalijua hata usingizini.
La tatu, mshahara. Nikataja, nikajipunja mwenyewe.
La nne:
"Tueleze siku uliyomwona mwenzako akikosea.
Ulifanya nini?"

Jibu ninalo. Jana usiku dada yangu Tsiuri
alinisomesha jikoni, mwiko mkononi kama fimbo ya mwalimu:
Sema ulifuata utaratibu. Usitaje jina.
Usiseme ulilia. Malizia na neno usalama.

Nilifungua mdomo, akatoka Shalva.

Shalva aliyenipa glavu zake, mwaka wangu wa kwanza,
akashika chuma cha baridi kwa mikono mitupu.
Shalva aliyenifundisha kuisikiliza winchi
kama mtu anavyomsikiliza mgonjwa:
si asemacho, ila pale pumzi inapokwama.
Miezi minane alitia saini daftari la ukaguzi
la jengo moja la ghorofa kumi na sita kule Gldani,
na kufuli la chumba cha mashine lina kutu isiyoguswa.
Kalamu moja, wino mmoja,
mkono haukutetemeka hata Januari,
mwezi ambao mimi jina langu naliandika kombokombo.

Nilimwambia yeye kwanza. Alicheka.
Kisha hakucheka. Alitaja magoti,
alitaja zile ngazi za chuma,
alitaja miaka miwili iliyobaki apate pensheni.
Akanimegea mkate wake.
Nikaula.

"Halafu?" akauliza Bi Lamara.

Halafu siku kumi na moja.
Siku kumi na moja nilitafuta neno.
Kuchongea lina meno.
Kutaarifu limevaa tai.
Kusema, kusema tu, lilisimama mlangoni uchi, likitetemeka,
nami silifungulii.
Siku kumi na moja bibi wa ghorofa ya kumi na nne
alitumbukiza sarafu yake, akapanda na viazi vyake,
akanisalimu kwa jina.

Siku ya kumi na mbili niliandika barua.

Lifti haikuanguka. Hilo ndilo gumu kulieleza.
Hakuna aliyekufa, hakuna gazeti,
hakuna aliyekuja kunishika mkono.
Waya mkuu ulikutwa na nyuzi tisa zimekatika;
wakaubadilisha Jumanne, kazi ya saa nne.
Shalva alirudisha bisibisi zake moja moja,
akizihesabu kwa sauti.
Wenzangu mezani walisogeza sahani zao,
si mbali, shubiri moja.
Shubiri moja inatosha.

Mhandisi akakohoa. "Ungerudia?"
"Ningerudia," nikasema. "Ila baada ya siku moja, si kumi na moja.
Na ule mkate nisingeula."
Kijana akainua uso.
Bi Lamara akaandika kitu kifupi sana.
Neno usalama nilikuwa nimelisahau.
"Tutakupigia," wakasema,
na hakuna aliyeniuliza namba.

Kushuka, nikaita lifti; magoti yamekwisha.
Sarafu ikalia ndani ya kisanduku chake.
Juu ya vitufe, nyuma ya kioo, kadi ya ukaguzi:
Januari, saini. Februari, saini.
Machi, saini.
Aprili, saini.

Leo ni tarehe tisa Machi.

Chini, mlango ukafunguka, mtaa ukaingiza baridi.
Nikasimama. Kazi hii naitaka.
Nina kodi ya miezi miwili, nina Tsiuri na mwiko wake.
Mlango ukajifunga wenyewe.
Nikabonyeza nne.

Lifti haikwenda. Ilitaka sarafu nyingine.
Nikaanza kupapasa mifuko.